Uhunzi katika Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa

Uhunzi ni kazi ya kufua chuma, yaani kukipasha moto hadi kilainike na kukipiga nyundo juu ya fuawe ili kipate umbo linalotakiwa. Anayefanya kazi hiyo huitwa mhunzi. Katika wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, kusini mwa Tanzania, kazi hii inahusiana moja kwa moja na kilimo cha milimani na uvuvi wa ziwani. Makala hii inaeleza nafasi ya uhunzi katika eneo hilo, pamoja na namna mtu anayefua kwa ridhaa, bila kuitegemea kazi hiyo kama ajira, anavyoweza kuanzisha na kuboresha karakana ndogo.

Mazingira na mahitaji

Mji wa Mbinga uko katika milima ya Umatengo. Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, uko chini ufukweni. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012.

Wamatengo wanajulikana kwa kilimo cha ngoro. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana hadi kufanya miraba. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika nyasi hizo. Linalobaki ni shimo linaloshika maji ya mvua na kuzuia mmomonyoko kwenye mteremko mkali. Kwa desturi wanaume hukata na kulaza nyasi, na wanawake huchimba. Kazi yote hutegemea zana mbili za chuma: nyengo ya kukatia nyasi na jembe. Jembe butu au lililopinda huongeza uchovu wa mchimbaji katika kila shimo, na mashimo ya shamba moja ni mengi sana.

Ufukweni mahitaji ni tofauti. Wachongaji wa mitumbwi huhitaji tezo na shoka. Waundaji wa boti za mbao huhitaji misumari na patasi. Wavuvi huhitaji visu na kulabu.

Historia

Kabla ya chuma cha viwandani kuenea, chuma cha Afrika Mashariki kilipatikana kwa kuchoma mawe yenye madini ya chuma pamoja na makaa ya miti katika tanuri la udongo. Chuma hakikutoka kikiwa uji, bali kama bonge lenye taka, ambalo lilipashwa moto tena na kupigwa hadi taka zitoke. Wafipa wa magharibi mwa Tanzania walijenga matanuri marefu kupita kimo cha mtu. Huko Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mwaka 1978 kwamba wenyeji walikuwa wakitengeneza chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Karibu zaidi na Mbinga, Wapangwa wa milima ya Ludewa walijulikana kwa kazi ya chuma.

Majembe yaliyoletwa kutoka Ulaya wakati wa ukoloni yalifanya uyeyushaji wa mawe usiwe na faida tena. Baada ya uhuru, majembe yalitengenezwa pia nchini, kwa mfano katika kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam. Hata hivyo ufuaji haukufa. Mhunzi aliacha kuyeyusha mawe akaanza kutumia chuma chakavu, hasa springi za magari. Jambo moja lilimhifadhi: kiwanda hutoa jembe la namna moja kwa nchi nzima, lakini mhunzi hulinyoosha, hulinoa na kulirekebisha kulingana na udongo na mkono wa mwenye nalo.

Eneo hili lina utajiri wa malighafi. Liganga, wilayani Ludewa, kuna akiba kubwa ya mawe ya chuma yenye titani na vanadi. Ngaka, wilayani Mbinga, makaa ya mawe yanachimbwa kibiashara tangu mwaka 2011. Mhunzi mdogo, hata hivyo, hufua chuma chakavu, na kwa anayeanza makaa ya miti ni rahisi zaidi kuyatawala.

Vifaa vya karakana

Karakana ndogo huhitaji vitu vitano vya msingi.

Jiko: drumu la breki la lori lililokandikwa udongo wa mfinyanzi hutosha. Hewa huingia kwa chini au ubavuni kupitia bomba la chuma.

Mvukuto: mvukuto wa asili ni mifuko miwili ya ngozi inayovukutwa kwa zamu ili hewa isikatike. Siku hizi wengi hutumia feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli.

Fuawe: kipande cha reli kilichonunuliwa kihalali, au bonge lolote la chuma kizito, hufungwa juu ya gogo.

Nyundo: ya kilo moja hadi moja na nusu inamfaa anayeanza.

Koleo: mhunzi hujitengenezea mwenyewe kadiri kazi zinavyoongezeka.

Maboresho yenye manufaa

Karakana nyingi hazina upungufu wa vifaa, bali zimepangwa vibaya. Uso wa fuawe uwe sawa na ngumi ya mhunzi anaposimama wima na mikono kuning'inia. Ukiwa chini zaidi, mgongo huumia. Ukiwa juu zaidi, bega huchoka. Jiko na fuawe viwe umbali wa hatua moja, kwa sababu chuma chembamba hupoa kwa sekunde chache.

Mhunzi huisoma joto kwa rangi, hivyo jiko likae kivulini. Juani, chuma chenye moto wa kutosha huonekana cheusi, na mhunzi hukizidishia moto hadi kiungue. Ufukweni, upande unaotoka upepo wa ziwa uzibwe ukuta, na upande wa pili uachwe wazi ili moshi utoke. Mfuniko wa bati na bomba la moshi ni wa lazima kwa anayetumia makaa ya mawe. Kilango cha kupunguza hewa kwenye bomba la feni huokoa makaa mengi, jambo lenye uzito mahali ambapo makaa hutokana na miti ya milimani.

Kazi za kuanzia

Nondo za ujenzi kwa kawaida zina kaboni kidogo na hazikomai vizuri, lakini zinafaa kwa mazoezi: kulabu ya kutundikia, mambo ya kufungia mbuzi, kichokoo cha moto. Kazi hizi hufundisha kuchongoa, kupinda na kusokota. Baada ya hapo mwanafunzi atengeneze koleo, kisha kisu au nyengo kwa springi ya gari.

Springi ina kaboni ya kutosha kukomaa. Hupashwa hadi sumaku isiishike tena, takriban nyuzijoto 770 za selsiasi, huongezwa moto kidogo, kisha huzamishwa katika mafuta. Ikizamishwa katika maji baridi huweza kupasuka. Ikitoka katika mafuta ni ngumu lakini huvunjika kama kioo, kwa hiyo husuguliwa ing'ae na kupashwa tena polepole. Rangi ya majani makavu, karibu nyuzi 230, hufaa kisu. Rangi ya buluu, karibu nyuzi 300, hufaa zana inayopigwa kwa nguvu, kama jembe au shoka.

Usalama

Mhunzi avae viatu vilivyofunika mguu, aproni ya ngozi, miwani na nguo za pamba, kwani nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi. Chuma kilichopakwa zinki, kama mabomba ya maji na mabati, kisitiwe motoni kwa sababu moshi wake una sumu. Mitungi iliyofungwa na shokabzoba zisipashwe moto, kwani hulipuka. Jiko lisiwashwe katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa gesi ya makaa huua bila harufu. Ndoo ya maji na ya mchanga ziwe karibu daima; moto wa mafuta huzimwa kwa mchanga au mfuniko, si kwa maji.

Mhunzi asinunue vyuma vya alama za barabarani, kingo za madaraja au miundombinu mingine. Kuiba au kupokea vyuma hivyo ni kosa la jinai, na kingo iliyong'olewa kwenye kona ya mlimani huhatarisha maisha ya wasafiri.

Mafunzo

Zamani ujuzi ulirithishwa kwa mtoto au mwanagenzi aliyeanza kwa kuvukuta. Leo kazi za chuma hufundishwa pia katika vyuo vya ufundi stadi vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na wajasiriamali wadogo huhudumiwa na SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973. Mkoani Ruvuma, wamisionari Wabenedikto wa Peramiho, waliofika mwaka 1898, nao wamekuwa na karakana za kufundishia ufundi. Vyuo hufundisha zaidi kuchomelea. Kusoma rangi ya chuma motoni bado hujifunzwa kwa kusimama kando ya mhunzi mzoefu.