Gegedu, Wino na Chapa: Historia Fupi ya Istilahi ya Kutengeneza Viungo

Istilahi ikitangulia kuenea kabla jambo lenyewe halijafahamika vema, huweza kuleta ahadi ambayo jambo hilo haliwezi kuitimiza. Ndivyo ilivyo kwa ufundi ambao baadhi ya watu huuita “uchapaji wa gegedu”. Mgonjwa wa goti asikiapo jina hilo hudhani kwamba gegedu hutoka mtamboni ikiwa kamili, kama gazeti litokavyo kiwandani. Makala haya yanakusudia kufuata historia ya ufundi huo ili kubainisha ni kitu gani hasa kinachochapwa, na kwa hiyo jina gani linastahili.

Neno gegedu lenyewe halina mgogoro. Ni tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa pale inapokutana, nayo katika goti huwa na unene wa milimita chache tu. Sehemu yake kubwa ni maji, na maji hayo hushikiliwa na nyuzi za protini iitwayo kolajeni pamoja na molekuli nyingine kubwa. Seli zake ni chache, lakini ndizo zinazounda vitu hivyo vyote. Gegedu haina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa sababu hiyo jeraha lake haliponi kama lile la ngozi. Mwaka 1743, William Hunter aliiarifu Royal Society ya London kwamba tangu kale jambo hili limejulikana: gegedu ikiisha kuharibika hairudi.

Katika miaka ya 1980 daktari Mmarekani Richard Steadman alieneza njia ya kutoboa vitundu katika mfupa ulio chini ya jeraha, ili damu na seli za uboho zipande na kulijaza pengo. Pengo lilijaa kweli, lakini kilichoota kwa kawaida kilikuwa gegedu yenye nyuzi nyingi, isiyostahimili msuguano kama ile ya asili. Hapa istilahi yetu yahitaji kupambanuliwa: gegedu angavu ni ile ya kiungo kizima, gegedu nyuzi ni hiyo nyingine. Mgonjwa aambiwapo tu kwamba “gegedu imeota”, hajaambiwa jambo lenye maana zaidi kwake.

Hatua kubwa ilipigwa katika mji wa Göteborg, nchini Sweden. Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao walichukua vipande vidogo vya gegedu kutoka sehemu nzima ya goti la mgonjwa, wakazikuza seli zake katika maabara kwa majuma mawili hadi matatu, kisha wakazirudisha katika jeraha. Matokeo ya wagonjwa 23 yalichapishwa mwaka 1994. Kati ya wagonjwa 16 waliotibiwa mwisho wa mfupa wa paja, 14 walikuwa na matokeo mazuri au mazuri sana baada ya miaka miwili. Kati ya 7 waliotibiwa kilegesambwa, ni 2 tu. Seli ziliwekwa zikiwa katika kimiminiko, bila mpangilio. Swali likabaki: je, zaweza kupangwa?

Jibu lilitokana na mitambo ya chapa. Mwaka 1988 Robert Klebe wa Texas alieleza jinsi ya kutumia mashine ya kuchapa kwa matone ya wino ili kupanga mahali ambapo seli zitashika. Mwaka 2003 Thomas Boland na wenzake wa Chuo Kikuu cha Clemson walieleza uchapaji wa seli zenyewe. Mwaka 2012 watafiti wa La Jolla, California, walichapa seli za gegedu ya binadamu moja kwa moja ndani ya pengo la kipande cha mfupa na gegedu kilichokuwa nje ya mwili.

Kisha Göteborg ikarudi katika historia hii. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chalmers, miongoni mwao wanafunzi wa shahada ya uzamivu, wakiwa na Paul Gatenholm, walitangaza wino uliochanganya nyuzi laini mno za selulosi na alginati. Wino huo hulainika unaposukumwa sindanoni na kukaza unapotulia. Kisha kalsiamu huuimarisha. Walichapa maumbo ya sikio la binadamu na ya kipande cha gegedu cha goti la kondoo. Katika majaribio yao ya seli, asilimia 73 zilikuwa hai baada ya siku 1 ya kukuzwa, na asilimia 86 baada ya siku 7.

Mfasiri na aangalie hapa. Alginati hutokana na mwani wa kahawia. Mwani uliolimwa Zanzibar kwa biashara tangu mwaka 1989 ni wa jamii nyekundu, nao hutoa karaginani. Kiswahili huita vyote mwani, sayansi haiwezi.

Twaja sasa kwenye chapa. Katika matumizi yetu ya siku zote, kazi ya mpiga chapa huisha wino ukaukapo. Katika ufundi huu, wino ukikaza ndipo kazi huanza: seli hazina budi kuishi, kutoa kolajeni, na hatimaye kuumba tishu iwezayo kubeba uzito wa mwili. Hadi leo gegedu ya goti iliyopatikana kwa njia hii si tiba ya kawaida ya hospitali.

Lugha yetu inao mfano wa kufuata. Hatuuiti mpunga wali, wala mchele hatuuiti mpunga. Kila hatua ina jina lake, na hakuna anayekaribishwa wali akapewa mpunga. Kwa msingi huo twapendekeza: tendo liitwe uchapaji wa seli; kitokacho mtamboni kiitwe kiunzi cha seli; kianzapo kujenga kolajeni kiitwe gegedu changa; na gegedu liwe jina la tishu iliyokomaa peke yake. “Uchapaji hai” haufai, kwani kilicho hai ni seli, si uchapaji.

Istilahi hizi zitamwezesha mgonjwa kumwuliza daktari swali lililo la haki yake: nitakachowekewa gotini kimefika hatua gani?