Maelezo ya zana (akili unde)

Maelezo ya zana ni maandishi mafupi yanayomjulisha wakala wa akili unde kwamba kuna programu anayoweza kuiita, kazi yake ni ipi, inadai taarifa gani na itamrudishia nini. Modeli ya lugha iliyo ndani ya wakala haiendeshi zana kwa mkono wake. Huandika ombi lenye jina la zana na thamani za vigezo, kwa kawaida katika muundo wa JSON, kisha programu inayomwendesha wakala hulitekeleza ombi hilo na kuleta jibu. Msimbo wa zana modeli haiuoni kamwe. Inachokijua ni jina, maelezo na vigezo tu, navyo huvisoma pamoja na maneno ya mtumiaji. Ndiyo maana maelezo hayafai kuhesabiwa kuwa pambo la mwisho la kazi: ni sehemu ya programu yenyewe, na neno lenye utata humo lina uzito wa hitilafu ya msimbo.

Mtindo huu ulikomaa haraka. Utafiti wa ReAct (2022) ulipishanisha hatua za kufikiri na hatua za kutenda. Toolformer ya kampuni ya Meta (2023) ikaonyesha modeli inayojifunza kuita kikokotoo, kalenda na injini ya utafutaji. Juni 2023 OpenAI iliwapa watayarishaji programu njia rasmi ya kusajili zana, na Novemba 2024 Anthropic ikatoa MCP, itifaki ya kuunganisha mawakala na zana za nje. Tangu hapo zana iliyoandikwa na mtu mmoja huweza kutumiwa na mawakala asiowajua kabisa, wala hayupo karibu kuwafafanulia alichokusudia.

Makosa mengi huanzia kwenye vigezo. Chukua zana ya kuomba malipo ya M-Pesa nchini Kenya. Daraja, mfumo wa Safaricom unaopokea maombi hayo, hutaka namba ya simu ianze na 254, ilhali mteja huandika namba yake ikianza na 0 kama alivyozoea. Maelezo yakisema “namba ya simu” na kuishia hapo, wakala atapeleka alichopewa na ombi litakataliwa. Maelezo yanayofaa husema hivi: “Namba ya mlipaji, tarakimu 12, ikianza na 254, bila alama ya kujumlisha. Mteja akitoa namba inayoanza na 0, ondoa 0 hiyo uweke 254.”

Saa ni mtego mkubwa zaidi, kwa sababu haitoi ishara yoyote ya kosa. Mgonjwa anayeomba miadi ya saa nne asubuhi anakusudia 10:00. Wakala asiyeelezwa lolote anaweza kujaza 04:00, mfumo ukapokea bila kunung’unika, na mgonjwa akawekewa miadi ya saa kumi alfajiri. Mwandishi wa zana itakayotumiwa na Waswahili hana budi kutaja kwamba kigezo kinafuata saa 24 za kimataifa, na aweke mfano mmoja wa kugeuza. Tarehe nazo zidaiwe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, maana 03/04 ni Aprili kwa msomaji wa Dodoma na Machi kwa wa Chicago.

Sehemu inayosahaulika mno ni mipaka: lini zana isitumiwe. Zana mbili zenye majina yanayokaribiana, moja ya kutafuta mteja na nyingine ya kusoma akaunti yake, humchanganya wakala hadi kila moja iseme inaiachia nini mwenzake. Miongozo ya Anthropic hupendekeza angalau sentensi tatu au nne kwa kila zana. Hata hivyo, maelezo hula nafasi katika muktadha wa modeli, na wakala aliyebebeshwa zana nyingi hupata tabu kuchagua.

Wakati mwingine dawa haimo katika maneno. Wahandisi wa Anthropic walieleza mwaka 2024 jinsi wakala wao wa kurekebisha programu alivyokosea njia za mafaili kila alipohama folda kuu. Waliibadilisha zana yenyewe idai njia kamili kuanzia mzizi, na kosa likatoweka. Zana inayohitaji aya tatu za tahadhari pengine imeundwa vibaya.

Kwa kuwa modeli huyachukulia maelezo kama maagizo, yamekuwa pia mlango wa hila. Aprili 2025 kampuni ya Invariant Labs ilionyesha zana ya MCP iliyoonekana ya kujumlisha namba, kumbe maelezo yake yalimwamuru wakala asome mafaili ya siri ya mtumiaji na kuyapeleka nje. Mtumiaji aliona jina la zana tu. Maelezo huweza pia kubadilishwa baada ya mtumiaji kuikubali zana, na kanuni za MCP zenyewe hutaka maelezo ya tabia ya zana yasiaminiwe isipokuwa yametoka kwa seva inayoaminika.