Faji: virusi vinavyoua bakteria zilizozoea dawa

Mugonjwa anameza antibiotiki, kidonda hakikauki. Munganga anabadilisha dawa, bado. Ile bakteria imekwisha kuzoea dawa. Kwa hali kama hiyo, waganga wa nchi kadhaa wamerudilia silaha ya zamani: virusi vinavyoua bakteria. Vinaitwa bakteriofaji, kwa kifupi faji. Félix d'Hérelle njo aliwapa jina hilo mwaka wa 1917 huko Paris, akichunguza choo cha wagonjwa wa kuhara damu. Penye bakteria, faji nazo ziko: mtoni, ndani ya udongo, hata katika maji machafu.

Faji inajibandika juu ya bakteria, lakini si yoyote. Lazima ikute alama inayolingana nayo, kama ufunguo na kufuli. Kisha inaingiza ADN yake ndani, na bakteria inageuka kiwanda cha kutengeneza faji. Zikijaa zinaipasua, inakufa, nazo zinatoka kutafuta zingine. Chembe za mwili wa mutu hazizishambulii.

Mfano unaojulikana sana ni wa Tom Patterson, mwalimu wa chuo kikuu huko San Diego, Marekani. Mwisho wa 2015 aliugua akiwa Misri, akakutwa na Acinetobacter baumannii iliyoshinda antibiotiki. Bibi yake, Steffanie Strathdee, mtaalamu wa magonjwa ya kuenea, akaomba faji kwa watafiti. Machi 2016 alianza kupewa. Siku chache kisha kuwekewa kwenye mshipa, akaamka kutoka koma. Lakini vita haikuisha: bakteria zilianza kuepa faji za kwanza. Ikabidi watafute zingine, na kuongeza antibiotiki, minosiklini. Mara nyingine bakteria ikijibadilisha ili faji isiishike, inapoteza kinga yake, na dawa iliyoshindwa inaanza tena kuigusa. Patterson alitoka hospitali Agosti.

Ugumu uko kwenye kufuli. Faji iliyomponesha jirani inaweza isikusaidie wewe. Laboratware lazima ikuze kwanza bakteria yako na kujaribu faji moja moja. Kwa hiyo katika nchi nyingi si dawa ya kununua tu dukani. Huko Tbilisi, Georgia, kituo cha Eliava kinatibu nazo tangu miaka ya 1920. Katika nchi nyingi zingine zinatolewa hasa kwa wale ambao antibiotiki zimewashinda. Na faji haiwezi kitu kwa malaria wala Ebola, maana hizo haziletwi na bakteria.