Hesabu za Fedha Malemba-Nkulu, Kabla ya Benki na Baada Yake

Kijana wa mkoa wa Haut-Lomami, Kongo, anayejiandaa kwa mtihani wa kuingia kazi benki huanza kwa kufukua daftari la zamani la shule. Asilimia, uwiano, riba, wastani, kubadilisha sarafu moja kuwa nyingine: yote aliwahi kufundishwa, na mengi yameshamtoka. Kinachomtia jasho si ugumu wa swali, ni saa ya ukutani. Maswali yamejaa karatasi, dakika zinahesabika, na kikokotoo mara nyingi hubaki mlangoni.

Kama kijana huyo katoka Malemba-Nkulu, kwenye mto Lualaba, basi katoka mahali ambapo hesabu za fedha zina umri mkubwa kuliko benki yoyote atakayoomba kazi. Ushahidi umelala makaburini.

Mwaka 1974 na 1975 mwanaakiolojia Mbelgiji Pierre de Maret alichimba katika bonde la Upemba, na Malemba-Nkulu palikuwa mojawapo ya mahali alipofukua. Wenzake Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walikuwa wamemtangulia pale Sanga, karibu na ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958. Wavuvi na wakulima wa kale wa bonde hilo walizikana na vyungu, shanga, vyuma, na vipande vya shaba vilivyokalibiwa kwa umbo la msalaba. Kuanzia karne ya 13 misalaba hiyo inakuwa mingi. Kwanza mikubwa na midogo imechanganyika, na ule mkubwa mara nyingi umelazwa kifuani mwa marehemu kama nishani. Kadiri karne zinavyosogea, inapungua ukubwa na kuanza kufanana. Kufikia karne za 16 na 17 ni midogo, ni mingi, na inakutwa karibu na mikono au kiunoni, pale ambapo mtu angeweka kibindo.

Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, lakini yanastahili kutazamwa kwa utulivu. Msalaba mmoja mkubwa kifuani unasema: huyu alikuwa mtu mzito. Misalaba midogo inayolingana, mkononi, inasema: huyu alikuwa na kiasi fulani. Kilichokuwa pambo kimekuwa kitu cha kuhesabiwa, na hakuna hesabu ya fedha bila kipimo kinacholingana. Tena shaba yenyewe haikutoka Upemba. Ilichimbwa kwenye ukanda wa shaba wa kusini, zaidi ya kilomita 200 kutoka huko, ikapita mikono mingi kabla ya kufika kwa mvuvi. Kila mkono ulioipokea ulilazimika kupiga hesabu: samaki wangapi, chumvi kiasi gani, majembe mangapi kwa misalaba mingapi.

Waluba, wenyeji wa bonde hilo, hawakuandika hesabu hizo, lakini kutoandika si kukosa kumbukumbu. Chama chao cha watunza kumbukumbu, Mbudye, kilikuwa na lukasa, ubao wa mti unaotosha kushikwa kwa mkono mmoja, uliopigiliwa shanga na kombe au kuchorwa alama. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia kikapita juu ya shanga, naye akataja wafalme, safari, vilima na maziwa matakatifu. Rangi ya shanga, ukubwa wake na mahali ilipokaa vilibeba maana. Hakuna aliyepewa lukasa kwa sababu baba yake alikuwa nayo. Mtu alipanda daraja kwa daraja, akijaribiwa, na wasomaji wa ngazi ya juu walikuwa wachache. Anayedhani kwamba mitihani ililetwa na wazungu katika nchi hiyo, basi habari za Mbudye hazijamfikia.

Karne ya 19 ilileta vipimo vingine. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Kilemba, makao ya mfalme Kasongo Kalombo, akamkuta tayari mfanyabiashara wa Pwani aliyejulikana kwa jina la Juma Merikani. Lakabu hiyo inatokana na kitambaa cha pamba cha Marekani, merikani, kilichotawala biashara ya misafara yote ya bara. Pamoja na kitambaa ilikuja hesabu yake. Mikono minne ni shuka moja, shuka mbili ni doti, vipande 20 ni korja. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ilikuwa na ratili 35 hivi. Wenyeji nao walikuwa na vitambaa vya rafia, chumvi, shanga na shaba yao. Aliyetaka kuuza pembe moja alilazimika kubeba kichwani jedwali zima la ubadilishaji, na mgeni aliyekosea alilipa kosa lake papo hapo. Maswali ya leo ya kubadilisha dola kuwa faranga yangekuwa mepesi kwa dalali wa Kilemba.

Kisha ikaja kodi. Amri ya Mei 1910 iliweka kodi ya kichwa ya kulipwa kwa fedha taslimu, kati ya faranga 5 na 12 kwa mwaka, kulingana na mahali. Kwa mvuvi wa Lualaba msalaba wa shaba haukufaa tena dirishani kwa mtoza kodi. Ilibidi apate faranga, na faranga zilipatikana migodini, kwenye reli au kwa kumuuzia samaki yule aliyekuwa migodini. Reli kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 njia ya kupitia Kamina ikakamilika hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo. Kutoka Bukama meli ziliteremka Lualaba hadi Kongolo. Samaki wa moshi wa Kisale na Upemba wakapata njia ya kwenda kuwalisha wafanyakazi wa shaba, na fedha ikapata njia ya kurudi.

Shule zilifuata njia hizohizo. Mwaka 1915 William Burton, Mwingereza aliyesomea uinjinia, na mwenzake James Salter walifungua misheni ya Kipentekoste huko Mwanza, katika nchi hiyo ya Malemba-Nkulu. Burton baadaye alikusanya na kuandika mengi juu ya dini na desturi za Waluba. Mpango wa elimu wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1929 ulipanga ngazi wazi: miaka miwili ya msingi, mitatu ya daraja la pili, kisha kwa wachache miaka mitatu ya ualimu, ya ufundi, au ya kuandaliwa kuwa makarani. Karani ndiye babu wa mfanyakazi wa benki wa leo. Alitakiwa kuwa na mwandiko safi, Kifaransa kisichoyumba, na hesabu zisizo na kosa. Silaha yake kubwa ilikuwa kanuni ya tatu, ile ya kujua vitu vitatu ili kupata cha nne: kama kilo 5 ni faranga 20, kilo 8 ni ngapi? Kwanza tafuta kilo moja, faranga 4, halafu zidisha, upate 32. Vizazi vya watoto wa Kongo vilichapwa fimbo kwa ajili ya mstari ule wa katikati, kwa sababu walioruka hadi jibu walionekana wavivu hata walipopatia.

Fimbo hiyo ilikuwa na haki nusu tu. Mstari wa katikati unasaidia swali linapokuwa refu. Tuseme mchuuzi wa Malemba-Nkulu ananunua kilo 60 za samaki wa moshi kwa faranga 4,000 kila kilo. Boti inamtoza faranga 30,000. Sehemu moja ya kumi inavunjika au kuingia wadudu njiani. Anataka faida ya asilimia 20 juu ya gharama zote. Auze kilo kwa bei gani? Mtahiniwa mwenye haraka ataongeza asilimia 20 juu ya 4,000, aandike 4,800, na mchuuzi wake atafilisika. Gharama ni 270,000. Pamoja na faida ni 324,000. Kilo zilizobaki ni 54. Bei ni 6,000. Mama anayeuza samaki sokoni hajapita darasa la makarani, lakini hasahau wale waliovunjika; katika kila bei anayotaja wamo.

Benki yenyewe ilikuwa mbali na haya yote. Banque du Congo Belge iliundwa mwaka 1909, na ndiyo iliyotoa fedha za koloni hadi benki kuu ilipoanza kazi mwaka 1952. Baada ya uhuru Katanga ilijitenga, na mwaka 1961 ikatoa sarafu zake za faranga 1 na 5. Upande mmoja una ndizi, upande wa pili msalaba wa shaba. Hapo historia ilicheka. Waluba wa kaskazini, wafuasi wa chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, walikataa kujitenga huko na wakapigana nako. Umbo lililolala makaburini mwa wazee wao kwa karne nyingi likachapwa kwenye sarafu ya nchi wasiyoitaka.

Lakini mtihani mkubwa kuliko yote wa hesabu ulitungwa na serikali ya Mobutu, na watahiniwa walikuwa nchi nzima. Juni 1967 faranga ilifutwa, ikaja zaire. Zaire moja ilikuwa faranga 1,000, au makuta 100, na ilinunua dola mbili za Kimarekani. Mwishoni mwa Desemba 1979 ikatangazwa kwamba noti za zaire 5 na 10 hazifai tena, na muda wa kuzibadilisha ulikuwa siku chache. Aliyekuwa na akiba chini ya kitanda katika kijiji cha Lualaba, safari ya siku kadhaa kutoka benki iliyo karibu, hakuhitaji kukokotoa sana. Jibu lilikuwa sifuri.

Mwaka 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa milioni tatu za zamani. Kasai iliikataa na kuendelea kutumia noti kuukuu, kwa hiyo katika nchi moja kulikuwa na fedha mbili, na reli itokayo Kamina kwenda Mwene-Ditu ilivuka mpaka ambao hakuna ramani iliyouchora. Juni 1998 faranga ikarudi, moja kwa zaire mpya 100,000. Anayejifunza kuzidisha ajaribu hapa: 100,000 mara 3,000,000 ni 300,000,000,000. Faranga moja ya 1998 ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za mwaka 1967, zile ambazo moja ilinunua dola mbili. Miaka 31 imepita katikati. Kwa hesabu ya faranga za kabla ya 1967, hapo pana tatu yenye sifuri 14 nyuma yake, na kuna wazee waliozishika zote mikononi mwao.

Si ajabu basi kwamba watu walijifunza kufikiri kwa dola, wakageuza kwa haraka kuwa faranga, wakijua kwamba kiwango cha asubuhi si lazima kiwe cha jioni. Wabadilishaji pesa wa barabarani, wanaoitwa kambisti, hukaa kwenye viti vya plastiki na matofali ya noti mbele yao, wakikata asilimia kichwani huku wakisalimiana na wapita njia.

Kwa muda mrefu walimu wa vijijini walipokea mshahara mkononi, noti kwa noti. Mwaka 2011 serikali ilianza kuwalipa watumishi wake kupitia benki, na mahali benki zisipofika, Caritas, shirika la Kanisa Katoliki, ilipewa jukumu la kupeleka mishahara ya walimu. Mwaka uliofuata M-Pesa ya Vodacom ikaingia Kongo. Benki nazo zilikuwa zimeongezeka: Rawbank tangu 2002, TMB iliyozaliwa Lubumbashi mwaka 2004, na ile ya mwaka 1909, ambayo mwaka 2020 iliunganishwa na Equity kuwa EquityBCDC. Wote hao wanahitaji watu wa kaunta na wa mikopo, na vijana wenye diploma ya Exetat, mtihani wa serikali uliopo tangu 1967, ni wengi kuliko viti.

Kwa hiyo kijana wetu anafunga begi. Ili kufika Lubumbashi atapandisha mto hadi Bukama kwa boti ya mbao, kisha ashike njia ya kusini. Katika karatasi za mtihani wa namna hii kuna swali la kale ambalo halikosekani, la boti na mkondo. Boti inakwenda kilomita 12 kwa saa kwenye maji yaliyotulia, mto unatiririka kilomita 3 kwa saa. Inateremka kilomita 90, halafu inarudi. Mwendo wake wa wastani ni upi? Mtahiniwa aliyekulia mjini huona 15 na 9, anakata katikati, anaandika 12. Aliyekulia Lualaba anajua kwa mgongo wake kwamba muda anaookoa akiteremka haufidii ule anaopoteza akipanda. Kuteremka ni saa 6, kupanda ni saa 10. Kilomita 180 kwa saa 16 ni 11.25.