Sanduku la Santuri na Mpaka wa "Mwanzo": Kuhusu Rekodi za Awali za Joni Mitchell

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuigawa kazi ya mtunzi katika vipindi: kazi za awali, kazi za ukomavu na kazi za uzeeni. Aghalabu mgawanyo huo huchukuliwa kana kwamba umetokana na kazi zenyewe, ilhali mara nyingi umewekwa na mhariri, mchapishaji au mkusanyaji. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kurejelea mkusanyo uitwao The Reprise Albums (1968–1971), uliotolewa mwaka 2021, ambamo mna albamu nne za kwanza za studio za Joni Mitchell, mtunzi na mwimbaji mzaliwa wa Kanada. Hoja yetu ni kwamba sanduku hilo ni toleo kwa maana kamili ya uhariri, na kwamba mhakiki atakayelichukua kama kumbukumbu isiyoguswa na mkono wa mtu atapotoka kuhusu jinsi mtunzi huyu alivyokua.

Albamu zenyewe ni Song to a Seagull (1968), Clouds (1969), Ladies of the Canyon (1970) na Blue (1971). Mitchell alizaliwa mwaka 1943 mjini Fort Macleod, katika jimbo la Alberta, akalelewa Saskatchewan. Utotoni aliugua polio, na mkono wake wa kushoto ukabaki dhaifu. Kwa sababu hiyo, alipojifunza gitaa alizikaza na kuzilegeza nyuzi kwa namna zake mwenyewe ili vidole visihitaji nguvu nyingi, na mtindo wake wa pekee ulichimbuka hapo. Msikilizaji anayezifuata albamu hizi nne kwa mpangilio wa sanduku huyaona maendeleo ya fani bila shida. Katika mbili za mwanzo gitaa na sauti ya mwimbaji hutawala. Katika ya tatu piano inachukua nafasi pana zaidi. Katika ya nne inaongezeka dulcimer, ala ya nyuzi ya milima ya Appalachia. Maudhui nayo yanaelekea kupiga hatua sambamba: binti mgeni mjini, aliyejificha nyuma ya taswira nzito, anafikia hatimaye kuungama ya moyoni waziwazi. Hadithi hiyo ya ukuaji inavutia, na ndiyo tunayoitilia shaka.

Kwanza, hebu tuutazame mpaka wenyewe. Kwa nini "mwanzo" uishie mwaka 1971? Jibu limo katika jina la mkusanyo. Baada ya Blue, Mitchell aliihama kampuni ya Reprise akajiunga na Asylum, na albamu iliyofuata, For the Roses, ikatolewa huko mwaka 1972. Mwaka 2022 ukatoka mkusanyo wa pili, The Asylum Albums (1972–1975). Ni dhahiri basi kwamba kinachotenganisha sanduku na sanduku ni mkataba wa biashara. Ukizisikiliza Blue na For the Roses kwa kufuatana, utakuta piano ile ile na upweke ule ule wa mapenzi yaliyovunjika, ijapokuwa ala za kupulizwa za Tom Scott zimeongezwa. Kuichukua tarehe ya mkataba kuwa tarehe ya mabadiliko ya kisanaa ni sawa na kuweka kikomo cha kipindi katika uandishi wa riwaya pale tu mwandishi alipobadilisha mchapishaji.

Pili, na jambo hili ni zito zaidi, mpangilio wa kutolewa kwa nyimbo si mpangilio wa kutungwa kwake. Mfano ulio mashuhuri ni "Both Sides, Now". Mitchell aliutunga mwaka 1967, baada ya kusoma ndani ya ndege riwaya ya Saul Bellow, Henderson the Rain King (1959), ambayo shujaa wake anasafiri Afrika na kuyatazama mawingu kutoka juu. Mwaka huo huo Judy Collins aliurekodi, na mwaka 1968 ukavuma sana Marekani. Mitchell mwenyewe hakuutia katika albamu yake ya kwanza; aliurekodi kwa ajili ya Clouds mwaka 1969. "The Circle Game", aliouandika kumjibu Neil Young, ulikwisha kuimbwa na Buffy Sainte-Marie mwaka 1967, lakini katika sanduku hili unaufikia mwishoni mwa albamu ya tatu, ya mwaka 1970. "Urge for Going", ambao George Hamilton IV aliufikisha kwa wapenzi wa muziki wa kantri mwaka 1967, haumo kabisa: uliondolewa katika Blue dakika za mwisho, na Mitchell akautoa mwaka 1972 upande wa pili wa santuri ndogo. Kwa hiyo, wimbo uliompatia sifa mapema kama mtunzi umekosekana katika mkusanyo unaodaiwa kuonyesha mwanzo wake.

Athari ya jambo hili kwa uhakiki inaonekana vizuri katika wimbo "Little Green". Umo katika Blue, albamu inayotajwa daima kuwa kilele cha ushairi wa maungamo katika muziki wa Marekani. Ulipotoka mwaka 1971, mhakiki wa jarida la Rolling Stone alilalamika kwamba maana yake haishikiki. Sababu ilijulikana na umma katika miaka ya 1990 tu: mwaka 1965 Mitchell alikuwa amejifungua mtoto wa kike, akamtoa alelewe na wazazi wengine. Wasomaji wengi wameuchukua wimbo huo kuwa thibitisho kwamba kufikia mwaka 1971 mtunzi alikuwa amepata ujasiri wa kusema. Hata hivyo, wimbo ulikuwapo miaka minne kabla: aliuimba jukwaani mwaka 1967, na unasikika katika mkusanyo mwingine, Joni Mitchell Archives Vol. 1: The Early Years (1963–1967), uliotolewa mwaka 2020. Mtunzi aliyeelezwa kuwa bado anajificha katika albamu ya kwanza alikwisha kuuandika wimbo wa siri yake kuu. Lililobadilika kati ya mwaka 1967 na 1971 ni uamuzi wa kuuweka katika santuri, pamoja na nyimbo zilizouzunguka zilizompa msikilizaji kibali cha kuusikia kama ungamo. Huo ni ukuaji wa aina nyingine: ukuaji wa mpangaji wa diwani yake mwenyewe, zaidi ya ule wa mwanamke anayejifunza kusema kweli.

Tatu, kuna suala la matini. Albamu ya kwanza ilitayarishwa na David Crosby, ambaye sifa yake kubwa ni kuilinda sauti na gitaa la Mitchell zisifunikwe na bendi. Ili kunasa mwangwi, alimwimbisha mbele ya nyuzi za piano kubwa. Rekodi ikaingiwa na mvumo usiotakiwa. Ulipochujwa, sehemu ya sauti za juu ikapotea pia. Mitchell hakuridhika na matokeo hayo, na kwa ajili ya sanduku la mwaka 2021 albamu ikachanganywa sauti upya chini ya uangalizi wake. Sasa inasikika safi zaidi. Lakini je, hii ndiyo Song to a Seagull? Wanaoshughulikia mashairi ya Kiswahili wanayafahamu matatizo ya muswada na toleo: tufuate matini iliyowafikia wasomaji wa kwanza, au ile ambayo mtunzi angependa tuwe nayo? Zote mbili zina haki. Isipokuwa, toleo jipya linapokaa mahali pa lile la zamani na kubaki na mwaka wa 1968 jalada kwa jalada, msikilizaji anapewa kazi ya mtunzi wa miaka sabini na saba akidhani ni ya binti wa miaka ishirini na minne.

Huenda msomaji akauliza kama basi mkusanyo huu una manufaa yoyote kwa historia. Unayo, tena makubwa. Albamu ni umbo la kisanaa lenye mwanzo, kati na mwisho. Song to a Seagull imegawanywa pande mbili, mmoja wa kuingia mjini na mwingine wa kutoka kuelekea pwani. Mtu akiusikiliza wimbo mmoja mmoja, safari hiyo haionekani. Vivyo hivyo, nyimbo mbili zilipotolewa katika Blue, "All I Want" na "The Last Time I Saw Richard" ziliingizwa, mmoja ukaifungua albamu na mwingine ukaifunga. Sanduku linauhifadhi ushahidi huu wa upangaji, ambao mikusanyo ya nyimbo teule huuharibu.

Kinachotakiwa ni mhakiki azitenge tarehe tatu za kila wimbo: tarehe ya kutungwa, ya kuimbwa mara ya kwanza hadharani, na ya kutolewa katika santuri. Sanduku linatoa ya tatu pekee, na katika albamu moja hata hiyo imeingiliwa na mkono wa mwaka 2021. Anayetaka kujua namna Mitchell alivyojifunza kutunga na atafute rekodi za kabla ya mwaka 1968. Anayetaka kujua namna alivyotaka kusikika, sanduku hili linamtosha.