Sakafu ya gereji ya nyumbani: mpako na vigae vya kufungana

Sakafu ya gereji ya nyumbani ni uso unaowekwa juu ya zege la chumba cha gari ili kulikinga na oili, maji, vumbi na mikwaruzo. Katika miji ya Afrika Mashariki neno gereji humaanisha kwanza karakana ya mafundi wa magari. Hapa lina maana ya chumba cha kuegeshea gari kilichoungana na nyumba au kusimama kando yake, kama ilivyo kawaida Marekani na Kanada. Njia mbili hutumika zaidi: mpako wa majimaji unaogandia kwenye zege, na vigae vya plastiki vinavyopachikwa kimoja kwa kingine bila gundi. Mpako hushikamana na zege na kurithi kasoro zake zote, ilhali kigae hulala juu yake tu. Faida na hasara nyingi za kila upande zinatokana na tofauti hiyo.

Zege na unyevu

Zege likikauka huonekana kama jiwe, lakini lina vitundu vidogo vinavyopitisha mvuke. Jamvi lililomwagwa juu ya udongo bila kutandikiwa nailoni ya kuzuia unyevu huendelea kufyonza maji kutoka chini miaka mingi baada ya nyumba kumalizika. Mvuke huo ukizibiwa njia na mpako, hausukumi kitu kingine ila mpako wenyewe, nao hutoa malengelenge na hatimaye kubanduka. Zege jipya huachwa kwa kawaida siku 28 kabla ya kupakwa.

Kipimo rahisi hufanywa kwa kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45. Kingo zake zote hubanwa sakafuni kwa utepe wa gundi, kisha huachwa kwa saa 16 au zaidi. Matone yakionekana chini yake, au zege likiwa limebadilika na kuwa jeusi kidogo, kuna unyevu. Nailoni kutoka kavu si uthibitisho kamili, kwa sababu unyevu unaweza kuwa umejificha chini zaidi. Kwa hiyo wakandarasi hutoboa matundu na kuweka vipimo vya unyevu ndani ya zege. Katika jamvi linalokauka kwa upande wa juu pekee, tundu hufika asilimia 40 ya unene wake.

Mpako

Mpako unaojulikana zaidi ni epoksi, ambayo huuzwa katika sehemu mbili: utomvu na kigumishaji. Utomvu wa aina hii ulibuniwa katika miaka ya 1930 na 1940, na majina yanayotajwa sana ni Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani. Sehemu hizo zikichanganywa huanza kuganda kwa mmenyuko wa kikemia unaotoa joto. Mchanganyiko ukiachwa ndooni joto hilo hujikusanya na kuugandisha upesi, ndiyo maana fundi huumwaga sakafuni mara moja na kuusambaza kwa rola. Poliurea na poliaspatiki hukauka kwa saa chache tu, na poliaspatiki haigeuki manjano juani kama epoksi. Hata hivyo bei yake ni ya juu, na humtaka fundi mwepesi wa mkono.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye maandalizi. Zege lililosuguliwa likang'aa halishiki mpako. Lazima likwaruzwe kwa mashine ya kusaga yenye almasi au lioshwe kwa asidi, na madoa ya oili yaondolewe kwanza. Matone ya maji huonyesha kama kazi imekamilika: yakinywewa upesi, zege liko tayari, yakisimama kama shanga, bado kuna mafuta au uso umefunga. Baada ya kupaka epoksi, mtu anaweza kutembea juu yake siku inayofuata, lakini gari husubiri siku 3 hadi 7.

Mpako uliowekwa vizuri hauna maungio, husafishwa kwa urahisi na haupitishi oili. Udhaifu wake hujulikana pale gari linaporudi kutoka safarini: tairi lenye joto hulainisha mpako hafifu, na linapopoa hunata nao na kuubandua. Aidha, mpako laini huteleza ukilowa, hivyo hunyunyiziwa mchanga mwembamba ungali mbichi.

Vigae vya kufungana

Vigae hivi ni vya aina kuu mbili. Vya polipropilini ni vigumu, na hushikana kwa pini na vitanzi vilivyo pembeni. Vya PVC ni laini zaidi, na meno yake huingiana. Kipimo cha kawaida cha vile vigumu ni takribani sentimita 30 kwa 30. Gereji ya magari mawili yenye mita 6 kwa 6 ina mita za mraba 36, hivyo huhitaji vigae 400, pamoja na vya akiba kwa ajili ya kukata pembeni. Vifaa ni nyundo ya mpira na msumeno au kisu, na kazi yenyewe huweza kumalizika kwa siku moja. Plastiki hutanuka kwa joto, kwa hiyo huachwa mwanya mdogo kuzunguka ukuta. Bila mwanya huo sakafu huvimba katikati.

Kwa kuwa vigae havikushikana na zege, unyevu wa chini hauvibandui, na nyufa ndogo hufunikwa bila kuzibwa. Kigae kilichoharibika hung'olewa peke yake, na mpangaji anayehama huondoka na sakafu yake. Vyenye matundu hupitisha maji na theluji inayoyeyuka, ingawa mchanga na oili hupita pia na kukaa chini mpaka vifunuliwe. Vile vigumu hutoa mlio wa kugongana mtu anapotembea. Miguu ya jeki hutandikiwa ubao mnene ili uzito usitoboe. Kemikali zinazotoka kwenye tairi huacha madoa ya kahawia kwenye PVC, na polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 160, kwa hiyo haifai panapochomelewa vyuma.

Gharama na usalama

Mpako anaojipakia mwenye nyumba kwa kawaida ndio wenye bei nafuu kwa mita ya mraba. Ule wa kukodi fundi na mashine hupanda sana. Vigae hugharimu zaidi dukani, lakini huokoa ujira. Epoksi mbichi huweza kusababisha mzio wa ngozi, na isosaineti zilizomo katika poliurea na poliaspatiki huweza kuamsha pumu. Glavu, miwani, barakoa inayofaa na milango iliyo wazi ni sehemu ya kazi.

Afrika Mashariki

Sehemu nyingi za kuegesha magari nyumbani ziko wazi au zina paa tu, nazo hutandazwa vitofali vya zege viitwavyo pevingi nchini Tanzania na kabro nchini Kenya. Penye jua la moja kwa moja, epoksi isiyofunikwa na mpako mwingine haifai. Sakafu ya saruji iliyopigwa niru lazima isagwe kabla ya kupakwa. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, hewa yenye unyevu huleta umande juu ya zege baridi, hivyo kazi hufanywa sakafu inapokuwa na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango cha umande.

Uchaguzi

Mpako unamfaa mwenye nyumba mwenye zege kavu, anayefanya kazi za oili na kuchomelea, na aliye tayari kuacha gereji tupu kwa siku kadhaa. Vigae vinamfaa mpangaji, mwenye zege lenye unyevu au nyufa, na anayetaka kuegesha gari jioni ileile. Kwa vyovyote vile, kipimo cha nailoni hutangulia ununuzi: sakafu ikitoa maji, mpako hauna nafasi mpaka unyevu utibiwe.