Nani Anaitikia? Sanaa, Maradhi na Suala la Wasikilizaji

Mwaka 2007 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika kambi mbili za wakimbizi wa ndani karibu na Gulu, kaskazini mwa Uganda. Vijana 314 wa Kiacholi, wenye umri wa miaka 14 hadi 17, walipangwa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilikutana kila wiki na mwezeshaji, wakazungumzia misiba, ugomvi wa nyumbani na maisha yaliyopinduliwa na vita. La pili lilipewa shughuli za ubunifu: nyimbo, uchoraji, maigizo, muziki na michezo. La tatu lilisubiri zamu yake. Watafiti hawakuleta huzuni ya kutoka vitabuni. Walipima hali ambazo Waacholi wenyewe wanazitambua na kuzitaja kwa majina, yaani two tam, par na kumu. Mwisho wa yote, wasichana waliokuwa katika kundi la mazungumzo walipata nafuu ya wazi. Kundi la ubunifu halikutofautiana kwa kiasi cha maana na lile lililokuwa likisubiri.

Sisi tunaoandika kuhusu sanaa na afya hatupendi kuutaja utafiti huu. Tunakimbilia ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, iliyoandaliwa na Daisy Fancourt na Saoirse Finn, ambayo ilipitia tafiti zaidi ya 3,000 na kuona dalili njema karibu kila upande, kuanzia kinga ya maradhi hadi matunzo ya wanaokaribia kufa. Ripoti hiyo ni kazi kubwa na sina ugomvi nayo. Lakini ukishasema sanaa inafaa, bado hujasema inafaa kwa njia gani, na Gulu inatudai jibu. Vijana wale waliimba, walichora, waliigiza. Kilichopungua ni nini?

Rai yangu ni kwamba sanaa humfaa mgonjwa pale inapomwekea mtu anayewajibika kumwitikia. Wimbo, utenzi au pigo la ngoma hupeleka neno ambalo mgonjwa asingeweza kulisema hivihivi, lakini nafuu inategemea sana neno hilo limepokelewa na nani, na mpokeaji amejifunga kufanya nini baada ya kulipokea. Programu nyingi za leo zimechukua nusu ya kwanza na kuiacha ya pili. Matokeo ya Gulu yanaweza kuelezwa kwa namna nyingine pia: mazungumzo yale yalibuniwa mahususi kwa ajili ya sonona, michezo ile haikubuniwa hivyo. Ni kweli. Ila hata maelezo hayo yanatufikisha palepale, maana ndani ya kundi la mazungumzo kila huzuni iliyotajwa ilikuwa na watu wa kuijibu wiki baada ya wiki.

Fikra ya sanaa kama kidonge ina asili yake. Adrian Hill, mchoraji wa Kiingereza, aliugua kifua kikuu mwaka 1938, akawa anachora vitu vilivyozunguka kitanda chake katika sanatoria ya Midhurst. Akaona anapata nafuu ya moyo, akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake, na mwaka 1942 akaipa shughuli hiyo jina ambalo kwetu limekuwa tiba kwa sanaa. Mazingira ya sanatoria yaliacha alama katika fikra yenyewe: mgonjwa mmoja, kitanda kimoja, karatasi moja. Miongo minne baadaye, mwaka 1986, James Pennebaker na Sandra Beall wakachapisha jaribio ambamo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza zaidi maishani. Mara tu baada ya kuandika walikuwa na huzuni kuliko walivyoanza, lakini miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Utafiti huo ulizaa mamia mengine. Joanne Frattaroli alipokusanya majaribio 146 ya aina hiyo mwaka 2006, aliona faida ipo, ila ni ndogo mno. Siidharau faida ndogo. Kalamu na karatasi ni rahisi kuliko vidonge vingi. Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba maandishi yale, kwa kawaida, hayakukusudiwa kusomwa na mtu yeyote aliyemjua mwandishi.

Linganisha na kilinge cha pwani, mahali pa kupungia pepo. Anayeletwa kupungwa pepo, awe Unguja au Mombasa, hapewi sanaa aifanye. Yeye anaketi, pengine amefunikwa shuka, ubani unafukizwa, ngoma zimepashwa moto ngozi zikaze. Fundi bado hajajua ni pepo gani. Basi waimbaji wanajaribu: wanaimba wimbo wa kabila moja la mashetani, wanasubiri, hakuna kitu, wanaimba wa kabila la pili, wanasubiri. Unguja yanatajwa marubamba yanayonasibishwa na Pemba, mahabeshi, na mabuki ya Madagaska ambayo hayakubali kuja bila akordioni. Bega la mwele, yaani mgonjwa huyo, likitikisika kidogo tu, wapigaji wameshaliona. Pigo linakazwa, waitikiaji wanapandisha sauti, na mwendo wa wimbo sasa unafuata mwili wa yule aliyeketi. Kwa saa kadhaa kundi zima la watu limekuwa likimsikiliza mtu ambaye hajasema neno.

Pepo akishapanda, husema. Na anachosema mara nyingi ni madai: pete ya fedha, kanga za rangi fulani, chano kilichopangwa hivi na hivi, mume aache jambo fulani. Walioandika juu ya kilinge, akiwemo Kjersti Larsen katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu Unguja, wameonyesha jinsi mashetani yanavyofungua mazungumzo ambayo wanadamu wenyewe wasingeyaanza. Mwanamke ambaye hakuweza kumwambia mumewe jambo kwa kinywa chake, sasa jambo hilo limesemwa mbele ya wakwe, majirani na wapiga ngoma, na ukoo unatakiwa ujibu palepale. Watajadiliana bei, watapunguza, wataahidi. Ahadi imeshuhudiwa na watu ambao kesho watakutana nao kisimani na sokoni.

Kisha kuna sehemu ambayo wachunguzi wa haraka huiruka. Mwele aliyepona anakuwa wa kilinge. Akiitwa kwenye ngoma ya mwingine, anakwenda; anaitikia, anapika, na akijaliwa anapanda ngazi hadi kuwa fundi. John Janzen, aliyefanya utafiti wake Kinshasa, Dar es Salaam, Uswazi na Cape Town na kuchapisha kitabu mwaka 1992, aliuona mwenendo huu katika nchi zote nne na kuuweka katikati ya hoja yake: aliyeugua ndiye anayefuzu kutibu. Kwa lugha ya hospitali tungesema mgonjwa haruhusiwi, anaajiriwa.

Sijifanyi kuwa wakili wa mafundi. Gharama za ngoma huziacha familia nyingine na madeni, masheikh na wachungaji wana pingamizi zao za kidini ambazo waumini wanazichukua kwa uzito, na zipo hali ambazo kilinge si mahali pake kabisa. Kifafa kinataka dawa kila siku, mathalan fenobabitoni, na kila wiki inayopita katika kutafuta kabila la pepo ni wiki ya degedege na majeraha ya moto jikoni. Ninachokichukua kutoka kilingeni ni muundo wake.

Msomaji wa fasihi atanikatiza hapa: je, hao waliotunga peke yao? Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa amelemewa na maradhi, miaka michache baada ya kufiwa na mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, na inasemekana hakuishi zaidi ya miaka miwili baada ya hapo. Hakuna fundi wala waitikiaji. Lakini tazama jinsi utendi unavyoanza: mgonjwa anamwita binti yake asogee na wino na karatasi. Mtungaji hazungumzi na maradhi yake. Anazungumza na mtu aliyekaa kando ya kitanda, anampa kazi ya kuandika, kisha kazi ya kuishi anavyousiwa, na anawaalika wanawake wengine wausome. Wosia ni utanzu unaomfunga msikilizaji. Dua ya kuomba afya inakuja mwishoni, baada ya msikilizaji huyo kushika kalamu. Utendi haukumponya. Ulimfanya, kwa kadiri ninavyousoma, asife akiwa hana wa kumjibu, nasi tunaoandika juu ya tiba tungefanya vizuri kulihesabu hilo kuwa ni kitu.

Mfano wa Abdilatif Abdalla ni mgumu zaidi na ndiyo maana naupenda. Alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wake wa *Kenya: Twendapi?*, na sehemu kubwa ya kifungo hicho aliwekwa peke yake. Mashairi aliyaandika kwenye karatasi za chooni. *Sauti ya Dhiki* ilipotoka mwaka 1973, mwaka mmoja kabla ya kupata tuzo ya Jomo Kenyatta, wasomaji wengi waliitazama kwa jicho la siasa, na walikuwa na haki. Ila mle ndani mna shairi la mnazi, ambamo ndugu wawili wanavutana juu ya mti, huyu akinena, yule akimrudi, kila mmoja na hoja zake kamili. Mtu aliyenyimwa wa kuzungumza naye ameandika majibizano. Amechukua desturi ya malumbano ya Mombasa, ambamo shairi lisilojibiwa halijakamilika, akaingia nayo selo na kujipatia mpinzani. Kwamba majibizano hayo yalikuwa ya kubuni hakudhoofishi hoja; kunaonyesha kwamba hata upweke wa gerezani ulipatiwa dawa kwa kuumba msikilizaji.

Afua chache za siku hizi zimeielewa nusu hii ya pili, ile ya kuitikia, na mbili zinastahili kutazamwa kwa karibu.

Bukavu, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, ipo Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999 na kujulikana duniani kwa kuwatibu wanawake waliobakwa vitani. Kwa ushirikiano na shirika la Make Music Matter, wanawake hukaa pamoja na mshauri wa kisaikolojia na mtayarishaji wa muziki, wakatunga nyimbo kutokana na yaliyowapata, kisha wakazirekodi. Wanaitwa wasanii, hawaitwi wagonjwa. Nyimbo haziishii studio: zinapelekwa redioni na kwenye matamasha ya jamii. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2021 ilionyesha nafuu katika dalili za sonona, wasiwasi na kiwewe. Nadhani redio ndiyo inayotofautisha mradi huu na michezo ya Gulu. Kijiji ambacho kingemnyooshea mwanamke kidole sasa kinausikia wimbo wake, na kinalazimika kuchukua msimamo.

Hapo pia ndipo penye hatari. Sauti inatambulika hata jina lisipotajwa. Mume anaweza kuusikia wimbo akiwa barazani na wenzake. Hadhira iliyoitwa kuitikia inaweza kuitikia kwa kejeli, na kejeli ya hadharani inaumiza kuliko ukimya. Kwa hiyo ninaposema sanaa inahitaji wasikilizaji, sisemi umati. Kilinge kina mlango, na fundi anajua nani apite.

Gambia kuna mfano wenye mlango kama huo. Wakanyeleng ni vikundi vya wanawake waliokosa watoto au waliofiwa nao, na kwa vizazi wamekuwa wakiimba, wakicheza na kufanya vichekesho vya kukiuka adabu ambavyo mwanamke mwingine hangeruhusiwa. Watafiti waliwaomba wawaongoze wajawazito katika nyimbo kwa wiki sita, na jaribio la awali lililochapishwa mwaka 2020 likaona dalili za msongo na sonona zikipungua. Sampuli ilikuwa ndogo, si ya kutungia sera. Kinachonivutia ni uchaguzi wa waimbishaji. Hawakuletwa wataalamu wa muziki kutoka mjini. Waliitwa wanawake ambao uchungu wa kukosa watoto au kufiwa nao waliujua, ambao watabaki kijijini mradi ukishakwisha, na ambao mjamzito anaweza kuwafuata mtoto akiwa na homa usiku.

Miradi mingi haina mtu wa namna hiyo. Mwezeshaji anakuja na rangi na karatasi, wiki nane zinakwisha, picha zinapigwa, michoro inatundikwa ukumbini siku ya kufunga na kuhifadhiwa kabatini siku inayofuata. Fomu ya tathmini inamuuliza mshiriki kwa wiki mbili zilizopita amejisikiaje, amelalaje, ameonaje hamu ya kula. Haimuulizi ni nani aliuona mchoro wake akamwambia neno. Haimuulizi tangu hapo ni nani amemwita kwenye shida yake. Kwa kuwa jambo hilo hatulipimi, hatujui ni programu ngapi zilizotangazwa kufaulu zilifaulu kwa sababu ya rangi, na ngapi kwa sababu shangazi fulani alikuja siku ya maonyesho akakaa kitako hadi jioni.

Kulipima kunawezekana. Chukua wodi mbili, nyimbo zilezile, mwezeshaji yuleyule, wiki zilezile. Katika wodi moja ndugu wawili wa kila mgonjwa wanaalikwa katika vikao vitatu vya mwisho na kupewa zamu ya kujibu wimbo, kwa wimbo au kwa ahadi; katika nyingine vikao vinakwisha kama ilivyozoeleka. Miezi sita baadaye watu wapimwe dalili, na pia waulizwe wamehudhuria shida za nani. Studio haihitajiki. Inahitajika nauli ya ndugu, chakula chao cha mchana, na kibali cha kamati ya maadili, ambayo swali lake la kwanza litakuwa, na ina haki, kama mgonjwa mwenyewe ameulizwa ni ndugu yupi asiyetaka kumwona pale.